Kulwa, Doto na Kidole cha Baba Mdogo

Mimi ni Doto. Kwa watu wa Kanda ya Ziwa jina hilo latosha kueleza kwamba kabla yangu alitoka Kulwa. Tulizaliwa Mugeta, tukafanana hata shangazi akawa anatuita kwa kubahatisha. Tulipomaliza darasa la saba sote tulichaguliwa kuendelea, lakini karo ilikuwa ya mmoja, na ng'ombe walihitaji mchungaji. Baba mdogo akanyoosha kidole: huyu aende. Nikaenda. Kwa miaka mingi niliamini kidole kile kiliona kwangu akili ambayo ndugu yangu hakuwa nayo.

Nikawa mwalimu wa biolojia, na somo lililonivua kiburi ni selimundu, ugonjwa uliozoeleka mno huku kwetu ziwani. Himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni katika damu, ina minyororo minne: miwili ya alfa na miwili ya beta. Ile ya beta ni pacha kamili. Kila mmoja una viungo 146 kwa mpangilio ule ule. Kwa mgonjwa wa selimundu, kiungo cha sita kimebadilika katika yote miwili: mahali pa asidi glutamiki imekaa valini. Himoglobini hiyo ikiachia oksijeni, molekuli zake hunasana zikawa nyuzi ndefu, na chembe ya damu hupinda kama mundu.

Mwaka 1975 Warner Love na wenzake, huko Baltimore, Marekani, walichapisha umbo la himoglobini hiyo, walilolipata kwa kupiga fuwele zake miale ya eksirei. Molekuli zilikuwa zimejipanga katika mistari miwili iliyokumbatiana. Lakini katika kila molekuli, valini moja tu kati ya mbili ndiyo iliyoungana na molekuli ya mstari wa pili. Mwenzake, mwenye kasoro ile ile, alikuwa ameelekea kwingine. Tena si himoglobini peke yake. Katika fuwele nyingi za protini, minyororo iliyoumbwa sawasawa hukutwa imepinda tofauti kidogo, hasa pale inapogusana na majirani, kwa kuwa jirani wa huyu siye jirani wa yule.

Je, valini iliyonasa ina hatia, na isiyonasa ina wema? Igeuze molekuli nusu mzunguko, na lawama itahamia kwa pacha wake.

Utaniambia, ndugu msomaji, kwamba mtu si molekuli, mtu huchagua. Ni kweli, na hapo ndipo hesabu yangu ilipo. Nafasi niliyopewa sikuichagua, basi sina haki ya kujivunia. Lakini wazee waliposema Kulwa ni mzito wa kichwa, mimi niliyejua kwamba tulifaulu pamoja nilinyamaza, maana uongo ule ulinipamba. Kunyamaza huko nilikuchagua mwenyewe. Nitaulizwa hilo, wala si kidole cha baba mdogo.

Siku moja nilikwenda Mugeta nikamweleza haya yote, jioni, akifunga zizi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka.

"Doto," akasema, "kumbe umesoma miaka yote hiyo ndipo ukajua kwamba tunafanana?"