Hatari Haiko Mlangoni

Kila tarehe 31 Oktoba giza linapoingia, watoto wa Marekani huvaa kama mizimu, wachawi na mashujaa wa katuni, wakapita nyumba kwa nyumba kubisha hodi ili wapewe pipi. Wakirudi, wazazi wengi humwaga pipi hizo mezani na kuzikagua moja moja. Je, kuna iliyofunguliwa? Kuna iliyotobolewa kwa sindano? Wanamsaka jirani mwovu, na sherehe ya Halloween haiishi mpaka asakwe.

Jirani huyo haonekani. Mwanasosholojia Joel Best wa Chuo Kikuu cha Delaware amefuatilia taarifa za namna hiyo tangu zile za mwaka 1958, na hajapata kisa kilichothibitishwa cha mtoto kuuawa au kuumizwa vibaya na mtu baki aliyetia sumu au wembe katika pipi za kugawa. Kifo kinachotajwa sana kilitokea Texas mwaka 1974, mtoto wa miaka 8 alipokula pipi ya unga yenye sianidi. Mahakama ilimtia hatiani baba yake mzazi, Ronald Clark O'Bryan, aliyekuwa amewakatia wanawe bima ya maisha. Hofu ya jirani ndiyo aliyoitaka imfiche. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wakati huohuo, barabara inaua. Utafiti uliochapishwa katika jarida la JAMA Pediatrics ulipitia vifo vya barabarani nchini Marekani kuanzia 1975 hadi 2016. Jioni ya Halloween, hatari ya mtembea kwa miguu kugongwa na kufa ilizidi kwa asilimia 43 ile ya jioni za wiki moja kabla na wiki moja baada. Kwa watoto wa miaka 4 hadi 8, ilikuwa mara 10.

Kwa nini basi macho yetu yako kwenye pipi? Nadhani ni kwa sababu mtia sumu siku zote ni mtu mwingine, ilhali dereva ni sisi. Kukagua pipi kunachukua dakika chache na kumwachia mzazi utulivu wa aliyetimiza wajibu. Kupunguza mwendo, kuliacha gari nyumbani jioni ile, au kudai mtaa ufungwe kwa saa tatu ili watoto wapite, kunatugusa wenyewe. Tumechagua hofu isiyotudai kitu.

Mtu ataniuliza: kukagua kuna ubaya gani? Hakuna, ikiwa mtoto ana mzio wa karanga au ni mdogo wa kuweza kupaliwa. Ubaya uko katika sababu tunayompa. Tukimwambia kwamba huenda yule bibi wa nyumba ya tatu amemtilia wembe, tumemtuhumu mtu bila ushahidi, mbele ya shahidi asiye na uwezo wa kutupinga. Bibi hatajua kamwe kwamba alishtakiwa, wala hatapata nafasi ya kujitetea. Mtoto naye atakuwa amejifunza kwamba ukarimu ni jambo la kutiliwa shaka.

Mimi nimekulia mahali ambapo hodi hujibiwa “karibu” kabla ya kuulizwa jina. Ndiyo maana naiheshimu Halloween kuliko nilivyotarajia: ni usiku ambao mtoto yeyote anaweza kubisha mlango asioujua na akafunguliwa. Kumlinda mtoto ni pamoja na kuulinda mlango huo.

Tumpe tochi, tumvishe nguo inayoonekana gizani, mdogo tuandamane naye, na tumfundishe kushukuru mlangoni. Mzigo uliobaki si wake. Ni wetu sisi tulioshika usukani.