Anayeshika kalamu kwa niaba ya mwenzake

Swali langu ni hili: mtu akikupa maneno yake umwandikie, wewe una haki gani juu ya maneno hayo? Hapa kambini swali hili si la vitabuni. Barua, maelezo ya kesi, maombi ya kuunganishwa na familia, hadithi zinazowekwa kwenye vipeperushi vya mashirika, karibu vyote vinapita kwenye mkono wa mtu wa pili. Mimi ni mmoja wa wanaoandikia wengine, kwa hiyo nina sababu ya kulifikiria. Lakini nitaanzia mbali, maana jambo la karibu sana linatutia hasira kabla hatujalielewa.

Mwezi Septemba 1500, mjini Venice, mchapishaji Aldo Manuzio alitoa kitabu kikubwa cha barua za Mtakatifu Katarina wa Siena. Nimekiona kwa picha tu, kwenye simu, maana nakala zake zimehifadhiwa kwenye maktaba kubwa za watu. Mwanzoni kuna mchoro wa Katarina akiwa na vazi lake la Kidominiko, ameshika moyo na kitabu kilichofunguliwa. Ndani ya kitabu kile cha mchoro kuna maneno machache ya kumwita Yesu, yamechapwa kwa herufi zilizoinama. Wanaojua historia ya uchapaji wanasema hapo ndipo herufi za namna hiyo zilipoonekana kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata Aldo alichapa kitabu kizima cha Virgil kwa herufi hizo, na leo zimo kwenye kila kompyuta. Herufi hizo ziliundwa kuiga mwandiko wa mkono. Kumbe aliyetangulia kushikishwa ni mwanamke ambaye barua zake ziliandikwa kwa mikono ya wengine!

Katarina alizaliwa Siena mwaka 1347, binti wa mtia rangi nguo, katika nyumba ya watoto zaidi ya ishirini. Hakupelekwa shule. Katika barua moja ya 1377 anasema amejaliwa kujua kuandika, na wataalamu wanabishana mpaka leo kuhusu jambo hilo, wabishane tu. Kinachojulikana ni kwamba alikuwa anasema, na wengine wanaandika. Kwanza walikuwa wanawake wenzake, akina Alessa na Cecca. Baadaye wakaja vijana wa familia zenye jina: Neri Pagliaresi aliyekuwa mshairi, Stefano Maconi, Barduccio Canigiani. Waliokuwepo walishuhudia kwamba aliweza kuwasemea waandishi watatu kwa wakati mmoja, kila mmoja barua yake. Alipokufa Roma mwaka 1380 alikuwa na miaka 33 tu. Barua zaidi ya 350 zimetufikia, na za asili, zile zilizotoka moja kwa moja kwenye meza ya waandishi wake, hazifiki hata kumi.

Alimwandikia kila mtu. Alimwandikia malkia wa Napoli, mshona nguo wa Florence, na John Hawkwood, yule Mwingereza aliyeongoza askari wa kukodiwa wakipora miji ya Italia. Alimwandikia Papa Gregori wa 11 huko Avignon akimsukuma arudi Roma, na Papa akarudi kweli mwaka 1377. Tena alimwita "babbo", neno ambalo mtoto wa Kiitaliano anamwitia baba yake nyumbani, na Mswahili hahitaji mkalimani kulielewa.

Sasa tufike kwenye shida yenyewe. Alipokufa, wafuasi wake walikusanya barua. Maconi alifanya kazi hiyo, na Tommaso Caffarini, Mdominiko wa Siena aliyeishi Venice, alisimamia kunakiliwa kwa maandiko yake huko. Walitaka atangazwe mtakatifu, na jambo hilo lilitimia mwaka 1461. Katika kunakili, walipunguza. Yale waliyoona ni mambo ya nyumbani, salamu, shughuli ndogondogo, habari za fulani na fulani, mara nyingi yaliachwa nje. Yaliyobaki ni mafundisho. Aldo naye alipochapa, barua zilipangwa kwa vyeo: mapapa kwanza, kisha makardinali, na kuendelea kushuka mpaka watu wa kawaida. Hukuweza tena kuona mwanamke anayekua mwaka hadi mwaka, anayejaribu, anayechoka. Ulisubiri mpaka 1860, Niccolò Tommaseo alipojaribu kuzipanga kwa tarehe.

Lakini chumvi haikutoka yote. Katika barua chache zimebaki salamu za mwishoni ambazo wale wanawake waandishi walijichomekea wenyewe kwa utani: Alessa mnene, Cecca mpoteza muda. Nilipozisoma habari hizo nilicheka peke yangu. Ghafla kuna chumba, kuna watu wanataniana, kuna mishumaa inaisha na barua haijaisha. Mtakatifu amepata majirani.

Na kitu kingine hakikutolewa: damu. Kuna barua Katarina aliyompelekea padri wake Raimondo wa Capua, akimweleza jinsi alivyomsindikiza kijana aliyehukumiwa kukatwa kichwa, na jinsi alivyokipokea kichwa kile mikononi mwake, wala hakutaka kuiosha damu iliyomrukia. Barua ile ilinakiliwa, ikachapwa, na ndiyo inayojulikana kuliko nyingi. Wakusanyaji walijua wanachotafuta. Damu inafundisha. Habari za nani anadaiwa nini sokoni, hizo hazifundishi.

Hapo ndipo ninapoiona kambi yetu. Mama mmoja wa eneo letu alipokwenda kutoa maelezo yake, alianza na mbuzi. Mbuzi wake wawili, ambao alikuwa amemwachia jirani siku moja kabla ya kukimbia, na deni la kitenge ambalo jirani huyo hakuwahi kumlipa. Mhoji, kwa upole kabisa, akamwambia: mama, turudi kwenye tukio. Mkalimani naye akaona amsaidie, akazifupisha habari za mbuzi zikawa "aliacha mali". Kwenye karatasi likabaki tukio tu: usiku, panga, mume. Mambo ya kweli yote. Ila mama aliposomewa aliuliza, "Huyu ni nani?"

Msomaji wa shirika ataniambia kwamba dakika ni chache na watu kwenye foleni ni wengi. Najua, nimekaa kwenye foleni hiyo. Lakini angalia kinachotokea. Tukio la usiku na panga linafanana kwa watu wengi sana, kwa sababu waliotushambulia hawakuwa wabunifu. Maelezo kumi yakiandikwa na mkono mmoja unaotoa mbuzi kila mara, yanakuwa maelezo mamoja. Halafu anakuja mtu mwingine ofisini, anayasoma yote kumi, anasema hawa wamenakiliana. Na aliyeamua hivyo si mjinga. Karatasi ndiyo imemwambia. Mbuzi wawili na deni la kitenge ndivyo vilivyokuwa ushahidi kwamba mama alikuwa pale, maana nani angekaa kutunga deni la kitenge?

Hata barua za kawaida ziko hivyo. Kijana mmoja aliyesoma sana alimwandikia mzee barua kwenda kwa dada yake aliye nchi nyingine. Akaipamba kweli, Kiswahili sanifu, hakuna kosa. Dada akapiga simu kuuliza kama kaka yake amekufa na mtu mwingine anatumia jina lake. Barua haikuwa na matusi ya kirafiki ambayo mzee humwanzia nayo siku zote.

Kuna jibu moja zito upande wa pili. Katarina mwenyewe alitoa ruhusa. Katika barua ya mwisho kwa Raimondo, akijua anakufa, aliomba kitabu chake na maandiko yake yote yachukuliwe na yafanyiwe lile litakaloonekana kumpa Mungu heshima zaidi. Ruhusa gani pana kuliko hiyo? Sisi pia tunaitoa. Tunaweka sahihi au dole gumba kwenye fomu ya kukubali picha na hadithi, tunasema, nyie fanyeni mnavyoona. Basi mtu amekubali, lawama iko wapi?

Mimi nasema ruhusa ya mtu anayekufa, au ya mtu ambaye mgao wake umepunguzwa, ni ruhusa ya kweli lakini ni amana. Mtu akikuachia nyumba yake na kusema fanya unavyoona, unaweza kufagia, unaweza kuhamisha kitanda, hata kuvunja ukuta ulioinama. Huwezi kumrudishia nyumba ya mtu mwingine. Siwalaumu Maconi na Caffarini kwa kuchagua. Bila wao tusingekuwa na kitu, na karatasi haikuwa bure. Nawalaumu kwa kudhani kwamba mambo ya nyumbani hayampi Mungu heshima. Nani aliwaambia?

Kuna kukata kwa aina nyingine ambako nakutetea. Jina la kijiji, jina la aliyekuficha, jina la mtoto aliyebaki kule: hayo nayatoa bila kusita kama barua inaweza kuangukia mikono mibaya. Hapo ninamlinda mtu aliye hai. Nikimtoa mbuzi simlindi mtu yeyote, ninalinda subira ya msomaji. Ndiyo maana siku hizi nikimaliza kuandika namsomea mwenyewe kwa sauti, polepole, hata kama ni mara tatu, na namuuliza kama ametosha humo ndani.

Juzi mzee mmoja, fundi wa nguo, alisikiliza maelezo yake niliyoyaandika vile alivyoyasema, na cherehani yake imo, aina yake, mguu wake uliofungwa kwa waya. Akasema toa cherehani. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mwanangu, nani atamwonea huruma mtu aliyekuwa na cherehani?" Tulibishana sana. Nikamwambia habari za Cecca mpoteza muda, akacheka, lakini hakubadilisha neno. Maneno ni yake. Nikachukua kalamu, nikaikata cherehani kwa mstari mmoja, nikamuuliza kama na ule waya utoke. Akafikiria kidogo. Akasema waya uache.