Wepesi wa Neno

Anayeandika kitabu cha maneno ya mwanzo ya Kiingereza huanza na dhana ambayo ni nadra aikague: kwamba yapo maneno mepesi na yapo magumu, na kazi yake ni kuyaeleza magumu kwa mepesi. Kwa neno kubwa dhana hiyo haina shida. “Photosynthesis” linatisha kwa urefu wake, lakini ukiwa na jua, maji, hewa, jani na chakula umekwisha kulieleza. Shuka ngazi moja tu uone kazi inavyogeuka. Mtoto wa Kate, huko Nkasi kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, Tanzania, amekulia katika Kifipa na kusoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Leo yuko kidato cha kwanza, na anataka kujua maana ya “big”, “get” na “of”. Kamusi ya Kiingereza itamwambia kuwa “big” ni “large”. Akifungua penye “large” atarudishwa kwa “big”, kama mtu aliyeulizia njia ya kwenda Namanyere akaelekezwa pale pale aliposimama. Ama “of”, wenye kamusi huliandikia safu nzima, na aliyeisoma yote hajui zaidi ya alivyojua. Kumbe maneno tunayoyaita ya msingi ndiyo yanayoelezeka kwa shida kuliko yote, kwa kuwa chini yake hakuna mengine ya kuyabeba. Naona kosa liko kwenye ile dhana ya mwanzo. Wepesi si sifa ya neno. Ni sifa ya maisha ambayo anayeeleza na anayeelezwa wanayashiriki. Wasiposhiriki chochote, hakuna orodha ya maneno itakayowasaidia.

Swali hili lina umri wa zaidi ya miaka 1600, na mmoja wa waliolichimba mapema kwa kina ni Mwafrika. Augustino, mzaliwa wa Thagaste katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliandika mwaka 389 mazungumzo kati yake na mwanawe Adeodatus kuhusu mwalimu. Anamuuliza kijana: je, tunaweza kumfundisha mtu jambo lolote kwa maneno? Jibu la haraka ni ndiyo, na Augustino analivunja polepole. Ukimwambia mtu neno asilolijua, umempa sauti tu. Ukimwonyesha kitu kwa kidole, hajui kama umeonyesha kitu chote, rangi yake au kazi yake. Mtu akiuliza kutembea ni nini, nawe ukasimama ukatembea, atajuaje kwamba kutembea si kule kufanya haraka, au kwenda hatua zile zile ulizokwenda? Lakini baadaye, katika mazungumzo yale yale, anamleta mtega ndege. Mpita njia anamkuta na zana zake, anasimama, anamtazama akinasa ndege, naye anaelewa kazi ile bila kuambiwa neno. Hapo Augustino anahitimisha kwamba maneno hutukumbusha tu tutazame, na kwamba anayefundisha kweli ni Kristo akaaye ndani ya mtu. Suluhisho hilo ni la imani, na asiye na imani hiyo hatalipokea. Tatizo lenyewe, hata hivyo, halihitaji imani ili liume.

Miaka kumi hivi baadaye, akiwa askofu wa Hippo, alimwandikia Deogratias, shemasi wa Kartago, aliyelalamika kwamba kufundisha wanaoanza kunamchosha: yale yale kila siku, kwa maneno ya kitoto. Augustino hakumpa orodha ya maneno mepesi zaidi. Alimwambia kwamba mtu akiwatembeza wageni awapendao mahali palipo pazuri, mahali alipokwisha kupazoea, furaha yao humfanya naye apaone upya. Nimeitaja Kartago kwa sababu. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe huko Algiers mwaka 1868, baadaye alikuwa askofu mkuu wa Kartago, na mapadri wake ndio waliofika Karema mwaka 1885, wakapanda kutoka ziwani hadi uwandani, na Kate ikawa mojawapo ya misheni zao. Walikuja na kanuni yake: ukatekumeni, yaani mafunzo ya kabla ya ubatizo, uwe wa miaka minne.

Miaka minne kwa ajili ya nini? Maswali na majibu ya katekisimu yanaweza kukaririwa katika msimu mmoja, na mtoto mwenye kumbukumbu nzuri huyamaliza mapema zaidi. Ni kweli kwamba kukariri kulikuwapo tena kwa wingi, na katekista mwenye fimbo hakuwa kitu cha ajabu popote. Ni kweli pia kwamba Lavigerie hakuwa akifikiria isimu. Aliogopa watu wabatizwe leo na kuasi kesho. Lakini kanuni yake inakiri jambo ambalo vitabu vya msamiati havikiri, yaani kwamba anayejua kusema neno bado hajalipata. Chukua “neema”, “sakramenti”, “kitubio”. La kwanza na mzizi wa la tatu Kiswahili kilivipokea kutoka Kiarabu, la pili kutoka Kilatini, na hakuna Mfipa aliyeyanyonya na maziwa ya mama. Leo bibi wa Kate ambaye hakukanyaga shule anasema “neema” bila kujikwaa, na ukimsahihisha matumizi yake utajiaibisha. Hakuna aliyempa tafsiri fupi. Amekaa na neno hilo misani, misibani na mavunoni, likazoea kinywa chake. Neno lililokuwa gumu kuliko yote katika karne ya kumi na tisa limekuwa jepesi, herufi zake zikiwa zile zile.

Sasa tazama orodha. Mwaka 1930 Mwingereza C. K. Ogden alitoa Kiingereza cha maneno 850, akidai kwamba yanatosha kwa mambo ya kila siku ya binadamu yeyote. Mia sita ni majina ya vitu na mambo, na kati ya hayo mia mbili ni ya vitu vinavyoweza kuchorwa. Ni kazi ya akili kubwa, nami siidharau. Lakini pita ndani yake ukitafuta maisha ya Ufipa. Utakuta pazia, mto wa kukalia, glovu, soksi, jibini na mwavuli. Utakuta sepeto, utakuta na plau. Jembe la mkono halimo. Nafaka imo kwa jina la jumla, maharage hayamo, mahindi hayamo, theluji imo. Ogden alidhani anahesabu vitu vya msingi vya dunia, kumbe alikuwa akihesabu vitu vya nyumba ya Mwingereza wa tabaka la kati. Simlaumu kwa kuishi kwake. Namlaumu, pamoja na waliomfuata, kwa kuita orodha ile nyepesi bila kusema nyepesi kwa nani.

Mtetezi wa orodha ana silaha nzito mkononi. Mwaka 1949 Biblia nzima ilichapishwa katika Kiingereza hicho, chini ya usimamizi wa profesa S. H. Hooke: yale 850, mengine 100 ya kusaidia ushairi, na 50 ya mambo ya Biblia yenyewe. Maneno 1,000 yakabeba Mwanzo hadi Ufunuo. Je, si ushahidi kwamba machache na mepesi yanatosha? Ni ushahidi kwamba machache yanatosha, na hilo sikulikataa. Kuhusu wepesi, angalia Ogden alivyozipata akiba zake. Alifukuza karibu vitenzi vyote vya Kiingereza, akabakiza kumi na vichache tu, kisha kazi ya waliofukuzwa akawapa waliobaki kwa kuwaunganisha na vijineno kama “up”, “off” na “over”. Anayejua “give” na anayejua “up” hajui kabisa “give up”, yaani kukata tamaa au kuacha. Hesabu imepungua kwenye karatasi, mzigo umehamia kichwani kwa mwanafunzi, tena umehamia pale pabaya, kwenye misemo isiyokisika. Wakosoaji waliosomesha Kiingereza Asia na kwingineko walimwambia hivyo mapema. Na msomaji anayeielewa Biblia ile haraka mara nyingi ni yule anayeijua tayari kwa lugha yake. Anasoma kwa macho ya Kiingereza na kuelewa kwa masikio ya nyumbani.

Basi tufanyeje na kidato cha kwanza cha Kate? Ludwig Wittgenstein, mwanafalsafa aliyekianza kitabu chake cha 1953 kwa maneno ya Augustino kuhusu mtoto anavyojifunza kusema, alikuwa amefundisha shule za vijijini Austria kuanzia 1920 hadi 1926. Hakuwa mwalimu mpole. Lakini mwaka wa mwisho alichapisha kamusi ndogo ya tahajia kwa shule hizo, yenye maneno ambayo watoto wale walikuwa wakiyatumia. Katika falsafa yake ya baadaye anamtazama fundi na msaidizi wake: fundi anataja jiwe, msaidizi analeta. Maana ya neno iko katika kazi wanayoifanya pamoja. Ni yule mtega ndege wa Augustino, safari hii akiwa na mwenzake. Ufipa haijapungukiwa na kazi za namna hiyo. Wafipa wana kilimo cha matuta ya mviringo, ntumba: mvua zikielekea kuisha mkulima anakwatua majani, anayakusanya, anayafunika kwa udongo kwa jembe hadi kifanyike kilima kidogo. Maharage huweza kupandwa juu yake. Chini, majani yanaoza. Msimu unaofuata kilima kinavunjwa, udongo ulioshiba unatandazwa, ulezi au mahindi yanapandwa. Weka maneno ya Kiingereza ndani ya kazi hiyo: kata, kusanya, funika, chini, juu, kabla, baada, oza, tandaza, panda. “Under” na “before”, ambayo kamusi huyaeleza kwa kujizungusha, hapa yana mahali pa kukaa. Hakuna mtoto wa Kate atakayedhani “under” ni rangi ya majani, kwa sababu anajua majani yanafanya nini kule chini na kwa nini yaliwekwa.

Atasema mtu: safari yote hiyo ya nini? Mwambie mtoto kwamba “under” ni “chini ya”, yaishe. Nakubali, na kwa moyo mmoja, kwani pingamizi hili linaitetea hoja yangu. Tafsiri inafanya kazi haraka kwa sababu neno la Kiswahili limekwisha kufunga ndoa na maisha ya mtoto. Kiingereza kinaingia nyumba iliyojengwa. Ndiyo maana kile kibao cha shuleni kinachoamuru Kiingereza tupu kinanishinda kukielewa. Kinamnyang’anya mwalimu kitu kimoja ambacho yeye na mwanafunzi wanakishiriki, kisha kinamtaka aeleze. Tume ya elimu ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 sekondari ifundishwe kwa Kiswahili, haikufuatwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, wakaja kupima Kiingereza mashuleni, wakakuta wanafunzi wengi wa sekondari hawakiwezi kwa kiwango cha kusomea. Hata hivyo wakashauri kiendelee kuwa lugha ya kufundishia. Uingereza ikagharimia mradi wa kukiimarisha, vikaletwa na vitabu vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi za maneno. Vitabu si vibaya. Lakini tiba ilikuwa ni maneno mepesi zaidi, na ugonjwa haukuwa uzito wa maneno.

Pingamizi gumu zaidi ni jingine. Ukimfundisha mtoto kwa ntumba na ulezi, si umemfungia Ufipa? Lugha ya kigeni si hutafutwa ili mtu afike asikofika kwa miguu? Na tena, mbona tunajua mengi kwa maneno matupu: wengi wa Nkasi hawajaona theluji, na neno wanalo. Ni kweli. Wamelipata kwa kuunganisha baridi ya Juni ya uwandani, ambayo si ya mchezo, na mvua ya mawe, na weupe wa unga. Maneno yanaweza kumpeleka mtu asikokuwako, ila yanaanza safari pale alipo. Aliyeanzishwa na pazia na glovu hakupelekwa mbali; ameachwa kati, hana la nyumbani wala la ugenini, na hicho ndicho kifungo. Kuhusu yale yasiyoonekana hata huko mbali, kama haki, kweli au Mungu mwenyewe, hapo naachana kidogo na Augustino. Yeye alimtafuta mwalimu ndani ya mtu mmoja mmoja. Historia ya Kate inanielekeza kwenye benchi walilokaa watu wengi kwa miaka minne. Anayeamini anaweza kusema Mwalimu yule alikuwa amekaa nao benchini, nami sina hoja ya kumpinga.

Inabaki shida ya utendaji, na si ndogo. Walimu wa serikali hupangiwa vituo nchi nzima, na anayefika Kate kutoka Tanga au Mtwara huenda hajawahi kuona ntumba. Atashirikije maisha asiyoyajua? Nadhani hapo ndipo penye nafasi ambayo vitabu vimeipita bila kuitazama. Darasani mwalimu kwa kawaida huuliza anayoyajua: anashika kalamu na kuuliza hii ni nini, na mtoto anajua fika kwamba mwalimu haihitaji habari hiyo. Huyu wa Tanga anaihitaji. Akiuliza kwa Kiingereza chepesi kwa nini majani yamefukiwa, hajui jibu, na mtoto analijua. Mwenye maneno thelathini ya Kiingereza ana jambo la kumwambia mtu mzima anayetaka kulisikia. Atakwama, ataazima Kiswahili, atachora kilima ubaoni. Mwalimu atamuuliza tena majani yanakaa chini muda gani, na hapo mtoto atahitaji “until”.