Ni Mji Upi Ulio Karibu?

Somo: Kumbukumbu la Torati 21:1–9

Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina.



Usiku wa Ijumaa, tarehe 28 Februari 1986, katika majira ya Kwaresima, Waziri Mkuu wa Sweden, Bwana Olof Palme, alitoka kutazama sinema mjini Stockholm pamoja na mkewe, Bibi Lisbet. Walinzi wake alikuwa amekwisha kuwaruhusu siku ile, maana alipenda kutembea kama raia ye yote. Wakashika njia kwenda nyumbani kwa miguu. Walipofika kwenye pembe ya barabara iitwayo Sveavägen, mtu mmoja akamjia kwa nyuma, akampiga risasi mgongoni. Risasi ya pili ilimkwaruza mkewe. Mwuaji akakimbia, akapanda ngazi za kichochoro, akapotea gizani. Palme alikuwa na umri wa miaka 59.

Sisi tulio wazee twalikumbuka jina lake. Nchi yake ilitusaidia katika elimu na katika maji ya vijijini. Naye alisimama pamoja na wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Juma moja tu kabla ya kifo chake alihutubia mkutano mjini Stockholm, akiulaani ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, na Oliver Tambo wa ANC alikuwapo.

Lakini nyumbani kwake hakupendwa na wote. Wengine walimwona mtetezi wa wanyonge. Wengine walimchukia kwa ajili ya kodi, wakasema kwamba anaiuza nchi kwa Warusi. Mwaka 1972 alipolinganisha mabomu ya Marekani juu ya Hanoi na ukatili wa Wanazi, Marekani ilikasirika, hata uhusiano wa kibalozi ukaharibika kwa muda. Picha ya uso wake iliwekwa kuwa shabaha ya kurushia vishale, watu wakacheza na kucheka.

Je, nani alimwua? Mwaka 1989 mtu mmoja alihukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka uleule mahakama ya rufani ikamwachia huru. Watu zaidi ya 100 walijitokeza kusema, “Ni mimi,” wala haikuthibitika. Bastola haikupatikana. Mwaka 2020 mwendesha mashtaka alimtaja mtu aliyekwisha kufa tangu mwaka 2000, akaifunga kesi. Ushahidi huo haukupimwa na mahakama yo yote. Bibi Lisbet alifariki mwaka 2018 bila kuona haki ikitendeka.

Sasa tutazame somo letu. Maiti ameonekana kondeni, na aliyempiga hajulikani. Torati yaagiza nini? Wazee na waamuzi watoke, wapime kutoka pale alipolala hata miji iliyo kandokando. Wazee wa mji ulio karibu zaidi walete mtamba ambaye hajafanya kazi, wamshushe bondeni penye maji, wamvunje shingo. Kisha wanawe mikono, wakiri mbele ya Mungu kwamba hawakuimwaga damu ile wala hawakuona, na kuomba rehema kwa ajili ya watu wote.

Angalieni, ndugu zangu, mambo mawili yasiyosemwa hapo. Kwanza, hawaulizi kama marehemu alikuwa mtu mwema, wala alikuwa wa upande gani. Ni mtu, inatosha. Pili, hawamkamati mpita njia ili mradi apatikane wa kulipa. Mahali pa kukisia, wanapima. Na wanaotoka kupima ni wazee, si vijana waliobeba marungu.

Nasi je? Akiuawa mtu tusiyempenda, neno la kwanza barazani ni lipi? “Alijitakia mwenyewe.” Na neno la pili? “Mimi namjua aliyefanya.” Kwa neno la kwanza twamwua marehemu mara ya pili. Kwa neno la pili twaweza kumwua mwingine asiye na hatia. Vikongwe wangapi katika nchi yetu wameuawa kwa sababu ya macho mekundu tu, na minong'ono ya majirani ndiyo iliyotangulia panga? Wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Labda utasema, “Padre, mimi sikumpiga mtu.” Vema. Wazee wa mji ule pia hawakumpiga; hata hivyo walitoka, wakashuka bondeni. Bali Pilato naye alinawa mikono, na maji hayakumsafisha, kwa kuwa alikuwa na uwezo wa kumwokoa asiye na kosa, asitumie. Maji ya kunawa hayafichi kitu mbele za Mungu. Basi, kabla ya kunawa, tujipime. Ni mara ngapi tumemwita mtu wa chama kingine nyoka? Ni mara ngapi tumecheka alipotukanwa? Bwana wetu alifundisha katika Mathayo 5:21–22 kwamba hukumu ya uuaji huanzia kwenye hasira na matusi. Aliyelenga shabaha ya mchezo hakushika bastola ya Stockholm. Lakini mji wake haukuwa mbali sana na maiti.

Palme alizikwa katika uwanja wa kanisa, hatua chache kutoka pale alipoanguka. Siri yake ilibaki kwa wanadamu, lakini kwa Mungu haikuwa siri. Damu ya Habili ililia kutoka ardhini kabla hapajawa na askari wala mahakama, naye Mungu akasikia. Tena Waraka kwa Waebrania, 12:24, watuambia ya damu inenayo mema kuliko ya Habili. Hiyo ndiyo tumaini la aliyeuawa, na la mjane, na hata la mwuaji akitubu.

Kwaresima inapokuja, kila mmoja na apime kutoka mlangoni kwake. Kama kuna jina ulilolitaja bila ushahidi, nenda ukalisafishe kabla hujaikaribia Meza ya Bwana.

Tuombe. Ee Mungu, ujuaye yaliyofichwa, uwafariji waliofiwa bila kupata haki. Uzuie ndimi zetu. Utuondolee hatia ya damu katika nchi yetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.