Sabuni Nyingi

Nguo nyeusi ukiifua na haya maji ya chumvi ya Kitengela, inakauka na mistari myeupe. Mimi nikadhani ni uchafu, nikaongeza sabuni. Ikazidi! Mama mmoja wa ploti yetu akacheka: "Pasta, hiyo nyeupe ni sabuni imegandana na chumvi. Weka kidogo, suuza na maji ya mvua."

Soma Jeremia 2:22. Nabii anataja magadi (kama yale ya huku kwetu Kajiado) na sabuni nyingi, na uovu bado uko mbele za Mungu.

Mwaka jana nilikosana na ndugu yangu juu ya pesa. Kosa lilikuwa langu. Nikaongeza kufunga, nikaongeza mikesha. Simu sikumpigia. Jumanne ndiyo nimempigia.