Amana ya Nahodha

Kusini mwa Unguja, mbali kidogo na ufuko, pana mahali ambapo kwa macho yangu bahari haikuwa na tofauti yoyote na bahari nyingine. Nahodha alizima mashine, akatazama nchi kavu, akasubiri mpaka mnazi mmoja na mnara wa msikiti vikawa mstari mmoja. Kisha akageukia upande wa pili na kutafuta alama nyingine. “Hapa,” akasema. Nikashusha wavu wangu.

Nasoma shahada ya uzamili katika sayansi ya bahari. Utafiti wangu unahusu planktoni, yaani viumbe, wengi wao wadogo mno, wanaokwenda wanakopelekwa na maji. Wavu ninaotumia una matundu ya mikromita 200, moja ya tano ya milimita. Planktoni walio mfano wa mimea hufanya karibu nusu ya usanisinuru wote wa dunia. Hao huliwa na planktoni walio mfano wa wanyama, hawa nao huliwa na dagaa, dagaa akaliwa na jodari, na sisi tumekaa mwisho wa foleni na sahani zetu. Katika mchanganyiko huo wamo pia mabuu ya samaki. Changu, chewa na tasi huanza maisha wakielea, wadogo kuliko punje ya mchele.

Tulipokuwa tunarudi, nahodha alikinyooshea kidole kifaa kilichoninginia shingoni mwangu. “Hicho kimeandika tulipokuwa?”

“Ndiyo, mzee.”

“Mimi kupajua pale nilikwenda na baba miaka.” Akacheka, nami nikacheka.

Kicheko kile kilinirudia maabara, wiki kadhaa baadaye. Sampuli za mahali pale, safari zote tatu, zilikuwa na mabuu mengi kuliko za vituo vyangu vingine vyote. Nilihesabu upya nikidhani nimekosea. Sikuwa nimekosea. Na katika tasnifu, kila kituo huandikwa pamoja na latitudo na longitudo yake, kwa sababu mtafiti mwingine lazima aweze kwenda palepale kuhakikisha kwamba sikusema uongo.

Hapo ndipo nilipokwama. Nikiandika mahali hasa, mwenye boti kubwa na nyavu za kuzungushia anaweza kufika kabla ya nahodha. Au maofisa wanaweza kupafunga, na wa kwanza kupoteza riziki akawa yule aliyenionyesha. Nikificha, mahali panapolea samaki hapatalindwa na mtu yeyote, na nitakuwa nimejifanya hakimu peke yangu.

Jibu la kwanza lililonijia lilikuwa la darasani: bahari haina hati miliki, na elimu ni ya wote. Ni jibu zuri, lakini lina tundu. Mimi sikupagundua pale. Nilionyeshwa.

Nilimkumbuka silikanti. Mwaka 1938 samaki huyo, aliyedhaniwa kuwa alitoweka tangu enzi za dinosaria, alinaswa Afrika Kusini. Profesa J.L.B. Smith alitafuta wa pili kwa miaka 14, akasambaza vipeperushi vyenye ahadi ya pauni 100. Alipatikana Desemba 1952 kisiwani Anjouan, Komoro, ambako wavuvi walikuwa na jina lake siku zote: gombessa. Kwa dunia ulikuwa ugunduzi. Kwao alikuwa samaki asiyefaa sana kwa kitoweo. Baada ya hapo makumbusho za mbali zikamtaka, na samaki aliyekuwa akinaswa kwa bahati tu akawa na bei. Kwetu Tanzania alianza kujulikana mwaka 2003, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari yenye jina lake. Kujua alipo kulimletea hatari, na baadaye kulimletea hifadhi. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba maarifa ni mema daima, wala kwamba siri ndiyo salama.

Mwaka 2017 wanaikolojia wawili wa Australia, David Lindenmayer na Ben Scheele, walionya katika jarida la Science kwamba kuchapisha makazi ya viumbe adimu kunaweza kuwapa majangili ramani. Wana haki. Lakini nahodha si jangili. Swali langu halikuishia kwa samaki. Lilimhusu pia mtu aliyeniamini.

Nilikolelewa mimi, kitu ulichopewa ukitunze huitwa amana. Hukiuzi, hukikopeshi, hata kama mwenyewe hakuandika masharti. Nilitaka kuishia hapo, nifiche na nilale. Ila planktoni wenyewe walininyima usingizi. Mabuu yanayoelea mahali pale hayakai pale. Mkondo unaweza kuyachukua yakakulia kwenye mwamba wa kijiji kingine, kwa watu wasiomjua nahodha wala mimi. Basi naye ameshika amana, ya wavuvi hao na ya wanaonunua samaki soko la Malindi. Siri yake ina wadai wengi.

Nikarudi kijijini na chupa moja ya sampuli na kioo cha kukuzia. Baada ya shikamoo na chai nikamweleza yote: nilichokiona, na vitu viwili ninavyoviogopa. Alikaa kimya, kisha akauliza, “Umeshaandika, au bado?”

“Bado.”

“Basi wenzangu wasikie kwako, mwanangu. Wasisikie kwa mtu wa ofisini.”

Tulikaa dikoni, chupa ikapita mkono kwa mkono. Wengine walikataa kwamba vile vijiuzi vyenye macho ni samaki. Waliniuliza ni samaki gani; nikasema wengi siwezi kuwatambua wakiwa na umri ule. Kijana mmoja akauliza bila kuzunguka: “Kwa hiyo mnataka tufungiwe?” Nikajibu kwamba sijui. Nimekwenda safari tatu, zote za kaskazi, kusi sijaiona. Safari tatu haziwezi kufunga bahari ya mtu. Aliniangalia kama niliyekwepa, na pengine nilikwepa.

Tulikubaliana hivi: tasnifu itaonyesha eneo pana, si nukta. Nukta zenyewe zitabaki kwa kamati ya wavuvi na kwa msimamizi wangu, na mtafiti anayezitaka atawaomba kamati. Msimamizi wangu alikubali kwa shingo upande. Alinionya kwamba watahini wanaweza kuniuliza kwa nini ramani yangu ina ukungu, na kwamba hoja itakuwa dhaifu kuliko data zilivyo. Ni kweli. Hiyo ni gharama yangu, na ndogo.

Gharama inayonisumbua ni nyingine. Huenda mahali pale panahitaji ulinzi mwaka huu, nami kwa kutafuta ridhaa ya watu nimepoteza msimu. Mabuu hayakuhudhuria kikao cha dikoni. Mtu akiniambia kwamba adabu yangu imelipiwa na wasio na sauti, sina jibu la kumnyamazisha. Nina hili tu: hifadhi ambayo wavuvi wameisikia mara ya kwanza kwa mlinzi aliyekuja kuwafukuza, watairudia usiku. Kama kuna njia ya kuyalinda mabuu yale, inapita dikoni, hata kama inachelewa.

Kusi ikianza tutakwenda tena. Nahodha ameweka sharti moja: safari hiyo kifaa kikae mkobani mpaka nijifunze kupanga mnazi na mnara mwenyewe.