Miaka 60 Kwenye Kinanda cha Parokia

Tarehe 15 Januari 1941, katika kambi ya mateka wa vita huko Görlitz, Ujerumani, wafungwa wanne walipiga muziki mbele ya wenzao na askari waliowalinda. Ilikuwa siku ya baridi kali. Vyombo vyao vilikuwa klarineti, fidla, selo na piano mbovu. Aliyepiga piano ndiye aliyeutunga muziki huo: Olivier Messiaen, Mfaransa Mkatoliki, mwenye umri wa miaka 32. Baadaye alipenda kusimulia kwamba wasikilizaji walikuwa maelfu. Wenzake walisema ni mia chache tu. Hatumlaumu, maana masimulizi ya kifungoni hukua njiani.

Mateka huhesabu siku zake, naye wakati ni adui yake mkubwa. Lakini mtu huyu hakutunga juu ya njaa wala juu ya chuki. Alifungua Kitabu cha Ufunuo, sura ya 10, akamwona malaika mwenye upinde wa mvua kichwani, anayetangaza mwisho wa wakati. Ndivyo alivyouita muziki wake. Aliugawa sehemu 8. Siku 6 ni za uumbaji, alieleza, ya 7 ni ya pumziko, na pumziko hilo likiendelea milele huwa siku ya 8. Sehemu moja ni ya klarineti peke yake, sauti ya ndege juu ya shimo lenye giza. Aliyeipiga, Henri Akoka, alikuwa Myahudi. Na aliyempatia mtunzi karatasi za kuandikia alikuwa askari wa Kijerumani, Karl-Albert Brüll. Mungu hachagui watumishi wake kwa mavazi.

Habari hiyo imesimuliwa mara nyingi. Sisi twapenda zaidi, wasomaji wetu, muitazame habari nyingine ambayo haina theluji wala bunduki. Mwaka 1931, akiwa na miaka 22, Messiaen alipewa kinanda cha Kanisa la Utatu Mtakatifu mjini Paris. Ukiacha miezi ya vita, alikaa kwenye kazi hiyo mpaka alipofariki tarehe 27 Aprili 1992. Sifa zake zilifika Marekani, wanafunzi walimjia kutoka nchi za mbali, na mwaka 1983 mchezo wake mkubwa wa kuimbwa juu ya Mtakatifu Fransisko wa Assisi ulionyeshwa Paris. Hata hivyo Dominika ilipofika, mahali pake palikuwa juu kule kwenye kinanda, waamini wakimpa mgongo.

Nao waamini walinung'unika! Sauti zake ziliwashtua, na wengine walilalamika. Alifanyaje? Katika Misa Kuu alifuata nyimbo za Kigregoriani; katika Misa nyingine alipiga kazi za watunzi wa zamani; muziki wake mwenyewe aliuwekea Misa ya saa sita mchana. Hakuwaita watu wajinga, wala hakukizika kipaji chake. Je, wangapi kati yetu wameacha kwaya kwa sababu ya neno moja la mzee wa parokia?

Tena msidhani kwamba nyumbani kwake palikuwa na raha. Mkewe wa kwanza, Claire Delbos, naye mpiga fidla na mtunzi, alipoteza kumbukumbu baada ya kupasuliwa, akaishi katika nyumba ya wagonjwa mpaka alipofariki mwaka 1959. Mtoto wao Pascal alikuwa bado mdogo ugonjwa ulipoanza. Katika miaka hiyo baba huyu alikuwa akitoka alfajiri kwenda mashambani na msituni, daftari mkononi, akiandika noti za nyimbo za ndege. Aliwahesabu ndege kuwa wanamuziki wakuu kuliko wanadamu. Wengine walimcheka; yeye aliendelea kuandika.

Hatuwezi kuwaficha kwamba muziki wake ni mgumu. Anayetaka kuujaribu aanze na sehemu ya 5 ya ule muziki wa kambini, selo na piano tu, inayousifu umilele wa Yesu. Aisikilize usiku, watoto wakiisha kulala. Huenda polepole mno, hata mtu hudhani mpigaji amesahau kufunua ukurasa, asiizime.